Boti ya sola: paneli na betri sawa na za wenzetu, kwa nini sisi tulizima dakika ya 80?

#1 Nahodha_Mgeni (Ohio)
Salaam wakuu. Mimi Mtanzania, nasoma uhandisi wa mitambo huku Marekani. Juni iliyopita timu ya chuo chetu (jina la chuo naliacha) ilishiriki Solar Splash, yale mashindano ya vyuo ya boti za sola yanayofanyika hapa Ohio. Tuliumia, na mpaka leo timu nzima haikubaliani sababu ni nini. Nimeona nilete humu kwa sababu najua wamo mafundi wa sola, wajenzi wa mashua na watu wa hesabu.

Kanuni kwa kifupi ili twende sawa. Paneli zisizidi wati 480. Betri za risasi, jumla yake kilo 45 na ushei, basi. Mfumo wa volti 36. Boti isizidi urefu wa mita 6. Majini kuna kuzunguka maboya, kuna mbio fupi za mita 300, halafu kuna mbio ndefu: saa mbili kamili unazunguka ziwa, anayepiga mizunguko mingi ndiye bora. Hizo za saa mbili zinakimbiwa mara mbili.

Mbio fupi tulifanya vizuri sana, boti iliinua omo (sehemu yake ya mbele) ikatelezea juu ya maji. Ndefu ndiyo aibu. Hesabu yetu ilikuwa hivi: mota ile ampia 34, paneli zilete 13, betri zitoe 21 zilizobaki. Betri zetu ni tatu kavu za volti 12, kila moja Ah 42 (ampia-saa), zimefungwa kwa mfululizo, hivyo volti ni 36 na Ah zinabaki 42. Kwa hiyo 42 gawanya kwa 21, saa mbili kamili. Dakika ya 60 volti zikaanza kushuka upesi, dakika ya 80 zikafika 31.5 na kontrola ikakata. Mota ikanyamaza. Nahodha wetu alipiga kasia mbele ya watu wote huku wenzetu wenye paneli zile zile wanampita.

Kilichotupata ni nini?

#2 Fundi_Kirumba (Mwanza)
Mkuu pole. Kabla ya yote, paneli mlizifungaje? Zina nafasi chini au zimelala kwenye mbao?

#3 JuaKali_254 (Kisumu)
Ni jua la huko tu, ndugu yangu. Ohio iko kaskazini mno, jua lenyewe la kubembeleza. Leteni hiyo boti Winam Gulf, ghuba yetu ya Ziwa Victoria, mwezi huo huo wa Juni, mtarudi nyumbani na betri zimejaa.

#4 Nahodha_Mgeni
@Fundi_Kirumba tulizibandika moja kwa moja kwenye sitaha kwa gundi, ili kupunguza uzito na upepo. Chini yake kuna sponji.

#5 Fundi_Kirumba
Basi mimi nimeshapata mchawi wako. Wati 480 zinazoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli nyeusi iliyobandikwa juu ya sponji, jua la mchana, hewa haipiti chini, inafika nyuzi 60 bila shida. Paneli nyingi za kawaida hupoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Zidisha 35 kwa 0.4 unapata 14. Zile 480 zako zimebaki 413 hivi. Gawa kwa volti 36, ni ampia 11 na nusu, siyo 13. Na hapo sijahesabu waya wala kontrola, ukitoa na hizo baki na 11.

Mimi huku kwenye mapaa ya bati naacha nafasi ya kiganja kati ya bati na paneli. Mteja analalamika kwamba upepo utaing'oa. Namwambia weka mkono hapa chini saa saba mchana, halafu weka kwenye ile ya jirani yako aliyoilaza juu ya bati. Hawarudii kuuliza.

#6 Bi_Hesabu (Dodoma)
@JuaKali_254 hapo kaka umepotoka. Juni ni kiangazi chao. Ohio iko kama nyuzi 40 kaskazini, kwa hiyo karibu na tarehe 21 Juni jua lao la adhuhuri linapanda mpaka nyuzi 73 juu ya upeo. Mwanza mwezi huo huo linaishia kama 64, maana limehamia kaskazini, na Kisumu ni 66. Mchana wao una karibu saa 15, wetu ni 12. Kwa Juni, jua wanalo kuliko sisi.

#7 JuaKali_254
Haya mwalimu, nimekaa chini 😅 Lakini Desemba ni yetu.

#8 Bi_Hesabu
Desemba ni yetu bila ubishi.

Sasa turudi kwa mleta mada. Fundi ana hoja nzuri, ila kosa lilikuwepo kwenye karatasi kabla boti haijaingia majini. Ah 42 ulizosoma kwenye betri si za mtu anayevuta ampia 21. Watengenezaji wengi wa betri za risasi hupima kwa kuzimaliza polepole, saa 20. Yaani ampia 2.1 kwa saa 20, ndiyo unapata 42. Ukivuta kwa nguvu, betri ya risasi inakunyima sehemu ya ilichonacho. Mjerumani mmoja, Peukert, aliliandikia jambo hili kanuni tangu mwaka 1897.

Nimepiga hesabu kwa betri kavu nzuri, kipeo cha kanuni yake 1.1 (kipeo kikiwa kikubwa, betri inakunyima zaidi). Ukivuta 21, hupati dakika 120, unapata 95. Kama paneli zilileta 11 badala ya 13, na mota ikala 36 badala ya 34, betri zilitoa 25. Hapo unapata dakika 79.

Wewe ulizima dakika ya ngapi?

#9 Kijana_wa_Tanga
Duh. Uzi umefungwa. Moderator lete kufuli.

#10 Nahodha_Mgeni
Dada nimesisimka. Dakika ya 80. Na kwenye daftari la nahodha kuna ampia 36 zimeandikwa kwa penseli dakika ya 30. Asante sana.

#11 Mhandisi_Mstaafu (Dar)
Msifunge bado. Mama Hesabu, kwa heshima zote, hicho kipeo cha 1.1 umekichagua kwa sababu kinakupa 79. Weka 1.2, ambacho ni cha kawaida kwa betri nyingi za risasi, utapata dakika 61. Na pili, timu zote zilikuwa na kilo zile zile za betri ya risasi. Peukert aliwanyima wote. Mbona wenzao walimaliza? Maelezo yanayomhusu kila mtu hayawezi kueleza kwa nini mmoja kaanguka.

#12 Bi_Hesabu
Mzee wangu shikamoo. Ni kweli 1.1 nimeikadiria, ila sikuitoa hewani: betri kavu za kutoa umeme mwingi kwa mpigo zina vipeo vya chini kuliko betri za maji. Yeye kasema ni kavu. Kwamba wenzao walimaliza, jibu langu ni kwamba wao walilijua hili wakaenda taratibu. Kanuni moja, bajeti tofauti.

#13 Mhandisi_Mstaafu
Marahaba. Basi tatizo ni mwendo, siyo betri. Tunaelekea kukubaliana.

#14 Mjenzi_Shela (Lamu)
Mimi si mtu wa ampia. Nimezaliwa kwenye vyombo, babangu alikuwa fundi na babake pia. Nauliza jambo moja: hiyo boti ya mbio fupi na ya mbio ndefu ni moja?

#15 Nahodha_Mgeni
Ni moja, mzee. Tunabadilisha propela na kuondoa paneli tu. Mwili ni ule ule: chini bapa, tezi (sehemu ya nyuma) pana iliyokatwa wima, ndiyo maana inateleza vizuri ikipata nguvu.

#16 Mjenzi_Shela
Nilidhani hivyo. Chombo cha tezi pana kikienda mbio maji yanakatika nyuma safi, tezi inabaki kavu. Kikienda pole, maji yanapanda na kuikumbatia tezi, yanajikunja, yanafukuta povu hapo hapo nyuma. Chombo kinaburura lile povu kama mtu anayetembea na kanzu iliyolowa. Tazama ngalawa: mwembamba, kote kumechongoka, upepo kidogo tu unakwenda. Mkitaka kujua kweli, msiangalie vipimo vya umeme. Simama gatini, itazame boti ikipita pole, angalia maji nyuma ya tezi. Yakitoka laini kama mafuta, mwili hauna makosa. Yakifukuta, umeme wenu umeishia hapo. Tupia picha ya tezi.

#17 Kaka_Muscat
Nakazia kwa Mzee wa Shela. Kuna kanuni ya wanamaji: chombo kinachopasua maji bila kupanda juu yake kina mwendo wake wa kawaida unaotegemea urefu wa sehemu yake iliyo majini. Kwa mita 6 ni kama kilomita 11 kwa saa. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo bila kupanda juu ya wimbi lako mwenyewe, unakula nguvu nyingi kwa faida ndogo. @Nahodha_Mgeni mlikuwa mnakwenda kwa kasi gani?

#18 Nahodha_Mgeni
Kama 12. Dakika ishirini za kwanza zaidi, nahodha alikuwa anafukuzana na boti ya njano.

#19 JuaKali_254
HAPO! Mko na wati zinazotosha kuchemsha birika na mnafukuzana. Nahodha ndiye alimaliza betri. Kesi imekwisha.

#20 Kijana_wa_Tanga
Hii ni mara ya pili kesi inakwisha.

#21 Bi_Hesabu
Na haijaisha. Nguvu inayohitajika majini hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Tuseme alikwenda 12 nusu ya muda na 10 nusu nyingine, badala ya 11 muda wote. Tofauti ni asilimia 2 na nusu tu. Haimuui mtu. Angekwenda 14 halafu 8, hapo ni asilimia 22, hilo ni jambo lingine. Kwa hiyo swali ni alifukuzana kwa kasi ipi, siyo kwamba alifukuzana.

Kilicho muhimu zaidi: mngepunguza kasi kwa sehemu moja ya kumi kuanzia mwanzo, mota ingekula asilimia 27 pungufu. Ampia 36 zingekuwa 26. Paneli 11, betri 15. Kwa kipeo changu mngemaliza saa mbili na akiba ingebaki.

#22 Kaka_Muscat
Dada ule mchemraba unafanya kazi chini ya mwendo ule wa urefu. Ukikaribia 11, 12, mkunjo unapanda mkali kuliko mchemraba, kwa sababu boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe. Kwa hiyo kufukuzana kwao kuliwagharimu zaidi ya hiyo asilimia 2 na nusu. Kiasi gani, inategemea mwili wa boti, na tunarudi kwenye tezi ya Mzee.

#23 Mama_Chonjo (Bukoba)
Naingia pembeni kidogo. Hivi ile boti ya sola iliyozunguka dunia nzima ilikuwa ya wanafunzi hawa hawa wa Marekani?

#24 Kijana_wa_Tanga
Ndiyo, ilitokea kwenye haya mashindano ya 2005 hivi.

#25 Kaka_Muscat
Hapana kijana, usimpotoshe mama. Ile ni Tûranor PlanetSolar, mradi wa Mswisi, si wa chuo. Iliondoka Monaco Septemba 2010 ikarudi hapo hapo Mei 2012. Ilikuwa na paneli za mita za mraba zaidi ya 500. Ni dude, si boti ya kilo 45 za betri. Na Solar Splash haikuanza 2005, imeanza 1994.

Ukitaka za vyuo vya Ulaya, kulikuwa na za Uholanzi zilizoanza 2006 jimbo la Friesland, zikipita mifereji ya miji kumi na mmoja, njia ile ile ya mbio zao maarufu za kuteleza kwenye barafu. Zaidi ya kilomita 200 kwa siku kadhaa. Boti za sola za wanafunzi wa chuo cha Delft zilikuwa zikiinuka juu ya mabawa yaliyo chini ya maji, mwili wote ukabaki hewani. Na Monaco nako kuna mashindano yao ya mwezi wa Julai, yalianza 2014.

#26 Mama_Chonjo
Asante mwanangu. Mwili wote hewani! Mabawa yenyewe yanafungwa wapi?

#27 Nahodha_Mgeni
Chini ya boti, mama, kwa nguzo nyembamba. Moja mbele, moja nyuma. Boti ikishika kasi, bawa linasukuma maji chini kama ndege inavyosukuma hewa, mwili unapanda. Mwili hausuguani tena na maji, yanabaki mabawa na nguzo tu. Lakini kupanda kwenyewe kunahitaji nguvu, na wimbi dogo likija linakuangusha. Sisi hatukuthubutu.

#28 Fundi_Kirumba
Nilikuwa ziwani jana usiku ndiyo maana nimekawia. Hawa wanaosema mwendo, tezi, mabawa, sawa. Mimi nabaki na paneli, na naongeza jambo: nahodha anakaa wapi?

#29 Nahodha_Mgeni
Katikati, paneli mbili mbele yake na mbili nyuma.

#30 Fundi_Kirumba
Na mbio zilikuwa saa ngapi?

#31 Nahodha_Mgeni
Zile tulizozimika zilikuwa za alasiri.

#32 Fundi_Kirumba
Basi kivuli chake kilikuwa kinaanguka kwenye paneli moja au nyingine, kutegemea boti imegeukia wapi. Watu hudhani kivuli cha kichwa ni kitu kidogo. Paneli ya kawaida imegawanywa sehemu tatu ndani, kila moja ina dayodi yake, kijilango kinachoupitisha umeme pembeni sehemu ikifunikwa. Funika seli moja tu kwa kiganja, theluthi nzima ya paneli inalala. Kama zimefungwa kwa mfululizo na kontrola haina akili ya kutafuta volti ambazo paneli zinatoa nguvu nyingi zaidi, hasara ni zaidi. Mnazunguka ziwa, kila mzunguko kivuli kinapita juu ya paneli. Hiyo haipo kwenye daftari lenu la penseli.

#33 Mhandisi_Mstaafu
Hiyo ni hoja safi, na inaweza kupimwa. Lakini tusisahau kwamba hata mkipoteza ampia 2 zote za paneli, Bi Hesabu ameonyesha hesabu yenyewe ya 21 ilikuwa mbovu.

Mimi nilifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya pampu. Nimejifunza kuangalia mahali pa mwisho watu wanapoangalia. Mota ilitakiwa ile 34, ikala 36. Hakuna aliyeuliza zile mbili za ziada zilikwenda wapi. Propela, wakuu. Je, ilikuwa safi? Ziwa lina majani?

#34 JuaKali_254
Mzee umenikumbusha. Huku kwetu magugu maji yakiingia ghubani, boti ya injini ya farasi 40 inasimama kama imefungwa kamba. Kwa mota ya wati elfu moja, unyasi mmoja mrefu kama kamba ya kiatu unatosha. Niliwahi kutoa uzi wa nyavu kwenye shafti, umejisokota mpaka umekuwa mgumu kama plastiki, na mvuvi analaumu mafuta.

#35 Nahodha_Mgeni
Majani yalikuwepo ukingoni. Lakini hatukuangalia propela baada ya mbio, tulikuwa tumevunjika moyo, tukaipandisha boti kwenye trela tukaondoka.

#36 Mjenzi_Shela
Chombo kikirudi kutoka baharini hukaguliwa kabla ya mtu kunywa maji. Hilo si la ampia.

#37 Mama_Chonjo
Mimi naomba kuuliza, na walioshinda wao hufanya nini? Mnatafuta mgonjwa, mtazameni na mzima.

#38 Nahodha_Mgeni
Mama umegusa. Cedarville, chuo cha hapa hapa Ohio, wameshinda mara nyingi. Nilisimama karibu na boti yao. Nyaya ni fupi na nene, kila kiungo kimepigwa lebo. Walikuwa na kijana ufukweni anaandika namba kila mzunguko, na nahodha anaambiwa kwa redio punguza, ongeza. Sisi tulikuwa na penseli moja.

#39 Fundi_Kirumba
Nyaya fupi na nene! Zenu zilikuwa unene gani?

#40 Nahodha_Mgeni
Tulitumia zile zile za mbio fupi, nene. Hapo hatuna kosa.

#41 Fundi_Kirumba
Sawa, waya nauondoa. Joto na kivuli siondoi.

#42 JuaKali_254
Kando ya mada: kwa nini hatuna mashindano haya kwetu? Vyuo vipo pande zote za Ziwa Victoria, Kenya, Uganda, Tanzania. Wavuvi wa dagaa wameshaacha karabai wanatumia taa za sola usiku. Mafundi wapo.

#43 Mama_Chonjo
Naunga mkono. Desemba, si mmesema ni yetu? Bukoba tutawapikia senene, msimu wake umekaribiana.

#44 Mjenzi_Shela
Mkiandaa Lamu nitachonga mwili mmoja mwembamba, mita 6 kamili. Umeme leteni ninyi.

#45 Kaka_Muscat
Mzee ukichonga mimi nakuja na farumi ya nahodha. Kanuni zao zinataka nahodha asiyepungua kilo 70, mwepesi anaongezewa uzito.

#46 Nahodha_Mgeni
Wakuu nimetoka karakana sasa hivi. Nimepita uzi wote tena nikaenda na tochi.

Unyasi haupo. Lakini propela ya mbio ndefu, panga moja kati ya mawili limepinda ncha kidogo, kama ukucha ulionaswa mlangoni. Ukipitisha kidole unasikia. Sijui lilipinda majini au wakati wa kuipandisha kwenye trela. Na kwenye sitaha, gundi ya paneli ya nyuma kushoto imegeuka kahawia upande mmoja, upande mwingine nyeupe.

#47 Mhandisi_Mstaafu
Nilisema propela.

#48 Fundi_Kirumba
Gundi ya kahawia ni joto. Nilisema.

#49 Bi_Hesabu
Kijana usiinyooshe hiyo propela. Jumamosi funga boti gatini kwa kamba yenye mizani ya kupimia mizigo, washa mota kwa ampia 34, andika mvuto wa kilo. Halafu weka propela nzima, rudia. Betri zichaji zijae kwanza, na usianze mpaka zimepumzika usiku kucha. Andika joto la paneli pia.

#50 Nahodha_Mgeni
Sawa dada. Mizani ya mizigo ninayo, niliinunua kwa ajili ya safari ya nyumbani.

#51 Mjenzi_Shela
Na picha ya tezi bado sijaiona.